Karo Inayolipwa kwa Miguu

Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, chini ya msitu wa Mau. Asubuhi baridi ya huko inauma masikio, hewa ni nyepesi, na barabara za vumbi zinazokata mashamba ya ngano na shayiri zinakwenda mpaka macho yachoke kuzifuata. Wanariadha wa Ulaya na Japani hulipa nauli ya ndege kuja Kenya kutafuta mwinuko kama huu. Mgeni angedhani chuo kilichoota mahali pa namna hiyo kimejaza makabati yake vikombe vya mbio. Lakini waulize wanafunzi wa Egerton timu wanayoipigia kelele mpaka sauti zikauke. Watakutajia Wasps, nao Wasps ni wacheza raga.

Mimi ni mwalimu. Sehemu kubwa ya kazi yangu nimekuwa mwalimu wa michezo katika shule za sekondari za Njoro na Molo, filimbi shingoni, saa ya kubonyeza mkononi, na jambo hili limenikera na kunichekesha kwa zamu. Wakimbiaji wazuri waliopitia kwangu hawakwenda Egerton, ingawa kutoka kwao hadi lango la chuo ni mwendo mfupi wa matatu. Wengi walivaa sare za polisi, za jeshi au za magereza. Wachache walipanda ndege. Si kwamba Egerton iliwafukuza. Ni kwamba haina mlango wa kuwapitisha.

Chuo chenyewe kina historia ndefu. Maurice Egerton, mlowezi Mwingereza mwenye cheo cha Baroni wa Tatton, yule aliyejijengea kasri kule Ngata, alitoa ardhi ya kuanzisha shule ya kilimo mwaka 1939, kwa ajili ya vijana wa Kizungu. Mwaka 1950 ikawa chuo cha kutoa diploma za kilimo, na baadaye milango ikafunguliwa kwa Waafrika. Mwaka 1986 kikafanywa tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka uliofuata kikasimama chenyewe. Ubavuni mwake kimezaliwa Chuo Kikuu cha Laikipia, kilichopata hati yake mwaka 2013. Na upande wa pili wa mji wa Nakuru, kwenye barabara ya Eldama Ravine, kuna Kabarak, chuo cha kibinafsi alichokianzisha Rais Daniel arap Moi, kilichopata hati mwaka 2008. Vyuo vitatu vikubwa, vyote kwenye mwinuko ambao makocha wa dunia nzima wanauonea wivu.

Mwanafunzi anaingiaje humo? Kwa alama. Anayetaka shahada anahitaji wastani wa C+ katika mtihani wa KCSE, kisha KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi, linamtupa palipo na kozi yake. Kocha wa chuo hahusiki. Yeye humkuta mwanafunzi uwanjani wiki za kwanza za muhula, anamtazama kifua na mapaja, anamuuliza kama amewahi kucheza chochote. Timu yake ni ile iliyoletwa na hesabu na Kiingereza. Akishapata kikosi, hucheza mashindano ya vyuo vikuu nchini, na mwaka ukiwa mzuri, basi la chuo likipata mafuta, wanaweza kufika kwenye Michezo ya Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki.

Kwa utaratibu huo raga inakua vizuri sana. Kijana mwenye kifua kipana na moyo mgumu, hata kama hajawahi kuushika mpira wa raga mpaka amalize kidato cha nne, anaweza kufunzwa na baada ya misimu miwili akawa mchezaji wa maana. Nakuru nayo ni mji wa raga: kuna klabu, kuna Prinsloo Sevens kila mwaka pale Nakuru Athletic Club, kuna watu wanaojua kanuni na wanaokuja na viti vyao vya kukunja. Kisha vyuo vyetu vina jambo ambalo Wamarekani hawana. Timu ya chuo huingia ligi ya taifa na kupambana na watu wazima. Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Blak Blad ya Kenyatta, Leos ya Strathmore, wote wamekutana na timu ya benki ya KCB au ya kiwanda cha sukari cha Kabras, na wanafunzi hawakuwa wakishindwa kila mara. Mvulana wa mwaka wa pili anayesomea uchumi anamwangusha mtu mwenye watoto wawili na mkopo wa gari. Hilo ni somo zuri.

Mbio hazikubali utaratibu huo. Mkimbiaji wa umri wa miaka kumi na tisa aliyekomaa huwa ameshaonekana. Ameonekana na mimi, ameonekana kwenye mashindano ya shule ya kanda, ameonekana na afisa wa polisi aliyetumwa kusaka vipaji. Hadi KUCCPS ianze kutangaza nafasi, kijana ameshachukuliwa.

Walioliona hili mapema ni makocha wa Marekani. Kule, timu ya chuo ni fahari ya jimbo zima, na kocha hupewa fungu la ufadhili: fedha za karo, chumba na chakula ambazo anaweza kumpa mtu kwa sababu ya mbio zake. Kwa miaka mingi shirikisho lao, NCAA, liliruhusu kila chuo cha daraja la kwanza ufadhili kamili 12.6 tu kwa wanaume wa riadha na mbio za nyika, na 18 kwa wanawake. Hiyo nukta sita si makosa ya uchapaji. Kocha alikuwa anakata ufadhili vipande: huyu nusu, yule robo, huyu wa pale kila kitu. Wa pale wa kila kitu mara nyingi alikuwa Mkenya, kwa sababu mtu mmoja anayeweza kushinda mita 5,000 na mita 10,000 katika wikendi moja anakuletea pointi nyingi kuliko warukaji wanne wa wastani.

Ilianza polepole. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Stephen Machooka alikuwa akishinda mbio za nyika akiwa mwanafunzi wa Cornell. Kisha Julius Sang na Robert Ouko wakaenda North Carolina Central, chuo cha Wamarekani weusi, kwa kocha LeRoy Walker. Mwaka 1972 mjini Munich, hao wawili pamoja na Charles Asati na Hezahiah Nyamau walitwaa dhahabu ya mita 400 kupokezana vijiti. Walker mwenyewe baadaye akawa mtu mweusi wa kwanza kuongoza kamati ya Olimpiki ya Marekani. Lakini mahali ambapo mambo yalichacha hasa ni Pullman, mji mdogo mashariki ya jimbo la Washington, na hapo nataka tukae kidogo.

Pullman ni mji wa ngano. Chuo chake, Washington State, kilianzishwa mwaka 1890 kama chuo cha kilimo, na watafiti wake wamejulikana duniani kwa mbegu fupi za ngano zisizolala shambani. Njoro nayo ni mji wa ngano. Kituo chetu cha utafiti, hatua chache tu kutoka Egerton, ndicho ambacho tangu mwaka 2005 kimekuwa kikipokea mbegu za ngano kutoka nchi nyingi ili zijaribiwe dhidi ya ugonjwa wa kutu ya shina. Vyuo viwili vya kilimo, vilima viwili vya ngano. Ungedhani ni ndugu. Kimoja kilichukua wakimbiaji wa Bonde la Ufa kikatengeneza timu ya kutisha, na kingine kinawaona wakipita barabarani asubuhi.

Kocha wa Pullman aliitwa John Chaplin. Mwaka 1977 mwanafunzi wake, Samson Kimobwa, alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 huko Helsinki. Mwaka uliofuata ukaja ule ambao sisi tuliokuwa watoto tuliusikia redioni na kuurudia mpaka wazazi wakachoka. Henry Rono, kijana wa Nandi, mwanafunzi wa chuo hicho hicho, alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81. Aprili alikimbia mita 5,000 huko Berkeley kwa dakika 13:08.4. Mei, Seattle, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, 8:05.4. Juni, Vienna, mita 10,000, akaichukua ile ya Kimobwa. Mwisho wa Juni, Oslo, mita 3,000. Hakuna mtu aliyewahi kufanya hivyo kabla yake wala baada yake. Ile ya viunzi ilidumu hadi 1989, na aliyeivunja, kwa tofauti ndogo kuliko kupepesa jicho, alikuwa Peter Koech, Mkenya mwingine aliyepitia Pullman. Katikati yao kuna Julius Korir, aliyechukua dhahabu ya viunzi mwaka 1984 huko Los Angeles akiwa bado mwanafunzi wa hapo.

Rono hakuwahi kukimbia Olimpiki. Kenya ilisusia Montreal mwaka 1976 na Moscow mwaka 1980, na miaka yake bora ikaangukia katikati ya siasa hizo. Maisha yake baada ya hapo yalikuwa magumu. Yeye mwenyewe alizungumza waziwazi juu ya pombe na juu ya kazi za kubahatisha alizofanya Marekani. Alirudi nyumbani akiwa mzee, na akafariki Nairobi mwezi Februari 2024. Nikimtaja kwa wanafunzi wangu huwa namtaja pamoja na Mike Boit, Mnandi mwenzake, mshindi wa shaba ya mita 800 mwaka 1972, ambaye pia alikosa Olimpiki mbili kwa sababu ya kususia huko lakini akatoka Marekani na shahada ya uzamivu na kurudi kuwa profesa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Wote wawili walikimbilia vyuo. Mmoja alitumika zaidi na mwingine alitumia zaidi, na sidhani ni kwa sababu ya akili. Mambo mengi yanategemea kocha uliyempata, nani anakuuliza juu ya mitihani yako, na kama kuna mtu wa kukusalimu kwa lugha yako Jumapili jioni theluji ikianguka.

Mwaka 1988 ulikuja na uthibitisho wa aina nyingine. Huko Seoul, dhahabu ya mita 800 ilichukuliwa na Paul Ereng, mwanafunzi wa Virginia ambaye mwaka huo ndio kwanza alikuwa amehama kutoka mita 400. Dhahabu ya mita 1,500 ikaenda kwa Peter Rono, umri wake miaka 21, mwanafunzi wa Mount St. Mary's, chuo kidogo cha Maryland ambacho wengi wetu tulilazimika kukitafuta kwenye ramani. Ereng baadaye akawa kocha katika Chuo Kikuu cha Texas pale El Paso, na miongoni mwa vijana waliopita mikononi mwake ni Emmanuel Korir, ambaye mwaka 2021 alishinda mita 800 katika Olimpiki ya Tokyo. Bingwa wa dhahabu analea bingwa wa dhahabu, mbio ile ile, na yote yanafanyika jangwani Texas, mpakani na Meksiko. Nilipoyasoma hayo nilipiga meza.

Wasichana walichelewa, na mlango wao ulifunguliwa na sheria. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria iitwayo Title IX, inayokataza taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuwabagua wanawake. Vyuo vyenye kikosi kikubwa cha mpira wa Kimarekani vililazimika kutafuta michezo ya kuwapa wanawake nafasi, na ndiyo sababu ufadhili wa riadha wa wanawake ulikuwa 18 dhidi ya 12.6. Sally Kipyego wa Marakwet alikwenda Texas Tech, akasomea uuguzi, akatwaa mataji tisa ya NCAA, yakiwemo matatu mfululizo ya mbio za nyika kuanzia 2006. Kisha akaleta fedha ya mita 10,000 kutoka London mwaka 2012. Kila ninapokuwa na binti anayekimbia vizuri na kusoma vizuri humsimulia habari za Kipyego, na ninaanza na uuguzi.

Japani wana njia yao. Kila tarehe 2 na 3 Januari vyuo vyao hushindana mbio za kupokezana kutoka Tokyo hadi Hakone na kurudi, zaidi ya kilomita 200, na nchi nzima hukaa mbele ya televisheni. Tangu mwaka 1989 Wakenya wamekuwa wakionekana humo. Nyahururu, jirani zetu wa juu, wameizoea njia ya Japani kuliko sisi. Samuel Wanjiru, bingwa wa marathoni wa Beijing 2008, alitoka huko akaenda kusoma sekondari Sendai akiwa bado mtoto.

Sasa nirudi kwenye zile sare. Wilson Kiprugut wa Kericho, Mkenya wa kwanza kupata nishani ya Olimpiki, shaba ya mita 800 mwaka 1964, alikuwa mwanajeshi. Kipchoge Keino alikuwa polisi, mkufunzi wa mazoezi pale Kiganjo. Tangu enzi hizo vikosi vyetu ndivyo vimefanya kazi ambayo Marekani hufanywa na vyuo: vinamchukua kijana, vinampa kitanda, chakula, kocha na mshahara, vinamruhusu akimbie. Na ana pensheni. Mzazi wa Kuresoi mwenye ekari mbili za viazi hahitaji kuelezwa zaidi. Chuo kinamwambia alipe. Polisi wanamwambia watamlipa. Ukimlaumu kwa kuchagua polisi, basi humjui.

Wenzangu husema dawa ni kujenga uwanja wa mbio wa tartani Njoro. Mimi sikubaliani nao. Rono hakukulia kwenye tartani. Kinachokosekana ni karo. Chuo cha kibinafsi kama Kabarak kinaweza kuamua leo kuwasamehe karo vijana kadhaa wenye C+ na miguu. Chuo cha umma kina ugumu zaidi, kwa kuwa nafasi zinagawiwa kwingine na vyuo vya umma vyenyewe vimejaa madeni, wahadhiri hugoma kudai mishahara. Lakini hesabu ya Wamarekani tumeshaiona: kumi na wawili na nukta sita. Timu zilizovunja rekodi za dunia hazikuhitaji kijiji. Wakimbiaji kumi na wawili wanaoishi Njoro, wanaosoma kilimo au ualimu, wanaofanya mazoezi kwenye barabara za Mau na kupumzika kwenye mabweni yaliyopo tayari, wangefanya mashindano ya vyuo vikuu nchini kuwa ya kutazamwa na dunia. Na wangebaki na shahada goti likikataa.

Wakati huo haujafika, kwa hiyo kazi yangu ya pembeni, hata baada ya kustaafu, imekuwa makaratasi ya ng'ambo. Barua za zamani zilikuja na stempu. Siku hizi kocha anaandika kwenye WhatsApp usiku wa manane akiuliza muda wa mita 1,500. Namwambia muda, namwambia ulipimwa kwa mkono, kwenye murram, mwinuko wa mita 2,200. Aliyezoea Kenya anaelewa na kupunguza sekunde mwenyewe. Kisha matokeo ya KCSE, mtihani wa SAT kwa chuo kinachoudai, wa Kiingereza, fomu ya chuo, mahojiano ya visa ubalozini Gigiri. Njiani wako mawakala wanaotaka malipo kwa kazi ambayo mwalimu yeyote mwenye subira anaweza kuifanya bure. Nauli ya ndege mara nyingi haimo kwenye ufadhili, hivyo kuna harambee, na kwenye harambee kuna mwanasiasa, na mwanasiasa ana hotuba.

Mambo ya kule nayo yamebadilika. Tangu Julai 2021 mwanamichezo wa chuo Marekani anaruhusiwa kulipwa na kampuni kwa matumizi ya jina na sura yake, ila Mkenya mwenye visa ya mwanafunzi hana ruhusa ya kufanya kazi kama Mmarekani, na fedha hizo nyingi zinampita. Mwaka 2025 ile hesabu ya 12.6 na 18 iliondolewa kwa vyuo vilivyoingia utaratibu mpya. Vyuo hivyo vinahesabu vichwa badala ya ufadhili: 45 katika riadha, 17 katika mbio za nyika, na chuo kinaweza kumfadhili kila mmoja wao kikiwa na fedha. Chenye fedha. Vingine vinapunguza riadha ili kulisha mpira wao.

Majuzi mama mmoja wa Elburgon alinijia na barua ya bintiye, chuo cha kusini mwa Marekani. Tulikaa nje, nikamsomea mstari kwa mstari.

"Mwalimu, na akiumia mguu?"

Nikamweleza kwamba ufadhili mwingi huandikwa mwaka kwa mwaka, ila mashirika makubwa ya vyuo tangu 2015 yamejizuia kumnyang'anya mtu kwa sababu ya jeraha au kushindwa uwanjani. Chuo hiki si cha mashirika hayo.

"Na akimaliza, atapata kazi?"

Nikasema watu wengi hupata.

"Sasa, Mwalimu, niandikie hapa nyuma. Upande huu yale waliyoahidi. Upande huu yale unayofikiria wewe."

Niliandika. Upande wa ahadi: karo, chumba, chakula, vitabu, mwaka mmoja. Upande wangu ulijaa hadi chini. Akaukunja ule waraka, akautia kwenye mkoba, akasema hatajibu chochote kabla ya Jumamosi. Mjomba wa msichana anakuja na lazima ausome kwanza. Ni sajini wa polisi, Gilgil.